SSD inajisimba, BitLocker haioni: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo lilipo

Umenunua Samsung 990 Pro au Crucial MX500, na maelezo yake yanasema AES 256 (njia ya kusimba data) na TCG Opal 2.0 (kiwango cha diski zinazojisimba). Umeifunga kwenye mashine, ukaweka Windows, ukawasha BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski. Kisha ukafungua mstari wa amri kama msimamizi, ukaandika `manage-bde -status C:`, na kwenye mstari wa njia ya usimbaji ukakuta XTS-AES 128. Hapo ujue kazi yote inafanywa na proseso ya kompyuta. Kufuli la diski yenyewe halijaguswa.

Ugumu wa tatizo hili ni kwamba linapita mikononi mwa wanne: diski, BIOS (programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows), kiendeshi cha kontrola na mfumo endeshi. Mmoja wao akigoma, Windows haikupi kosa lolote. Inarudi kimyakimya kwenye usimbaji wa programu, yaani ule unaofanywa na proseso badala ya diski, na kukuonyesha alama ya kufuli kana kwamba mambo ni shwari. Watu wengi wakiona hivyo hukimbilia kufuta diski na kuweka Windows upya, wakikwama wanafuta tena, na siku inaisha. Kufuta kutakuja, ila kuje mwishoni, baada ya kujua nani anagoma.

Diski hii inafanya nini hasa

Ndani ya SSD ya aina hii kuna kontrola yenye sakiti ya AES. Kila kinachoandikwa hupita hapo kabla ya kufika kwenye chipu za kumbukumbu, kwa ufunguo unaozalishwa ndani ya diski na usiotoka nje. Usimbaji fiche huo unaendelea tangu diski inatoka kiwandani, uwe umeweka nenosiri au hujaweka. Lakini diski hiyo ukiichomoa na kuichomeka kwenye mashine ya mtu mwingine, inasomeka yote. Mlango una kitasa, ila ufunguo umeachwa unaning'inia humo humo kitasani. Tunachotafuta ni kuuondoa pale, yaani kuufunga ufunguo wa data kwa siri ambayo diski haina mpaka mtu aitoe.

Njia za kufanya hivyo ni tatu, na ni muhimu usizichanganye. Ya kwanza ni nenosiri la ATA, ambalo Samsung wanaliita Class 0. Unaliweka kwenye BIOS. Ya pili ni TCG Opal, ambayo programu kama `sedutil` inaitumia moja kwa moja. Ya tatu ni Opal 2.0 ikiambatana na IEEE 1667 (kiwango cha diski na kompyuta kutambuana), mchanganyiko ambao Microsoft wanauita eDrive, na huo ndio BitLocker inaoutaka. Diski inaweza kuwa na Opal na isiwe na 1667. Inaweza kuwa na AES na isiwe na chochote kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo neno "AES 256" kwenye tangazo la duka, peke yake, halikwambii kitu.

Kabla ya kuhangaika: unaihitaji kweli?

Swali hili lina historia. Novemba 2018, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, Carlo Meijer na Bernard van Gastel, walitangaza kwamba wamefungua diski kadhaa bila nenosiri: Crucial MX100, MX200 na MX300, Samsung 840 EVO na 850 EVO, pamoja na diski za nje za Samsung T3 na T5. Katika baadhi ya hizo, nenosiri halikuwa na uhusiano wowote na ufunguo wa data. Programu dhibiti ya diski ililinganisha tu nenosiri, ikasema ndiyo au hapana, na mtu aliyeweza kuibadilisha programu hiyo aliweza kuilazimisha iseme ndiyo. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2018-12037 na CVE-2018-12038.

Ubaya ni kwamba wakati huo BitLocker ilikuwa ikikuta diski yenye eDrive inaiachia kazi yote bila kumuuliza mwenye mashine. Microsoft walitoa onyo ADV180028, kisha Septemba 2019 wakabadilisha msimamo: tangu hapo BitLocker inatumia programu mpaka wewe uiambie vinginevyo. Ukiona mwongozo wa mtandaoni wa 2015 unaosema "washa tu BitLocker, itajichagulia," hiyo ndiyo sababu haufanyi kazi tena.

Upande wa pili ni kasi. Jaribio la Tom's Hardware la 2023 lilionyesha 990 Pro ikipungua kasi kwa hadi asilimia 45 katika baadhi ya vipimo BitLocker ya programu ikiwa imewashwa. Kwa anayehariri video au kuendesha hifadhidata kubwa, hilo linauma. Kwa anayeandika barua na kufungua kivinjari, hatalihisi kamwe.

Maoni yangu: kama unaendesha ofisi inayoshika taarifa za wateja, na sheria za ulinzi wa data (Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022) zinakuhusu, usitegemee kufuli la diski ya zamani ambayo programu dhibiti yake hujui ilisasishwa lini. Tumia programu. Kama diski ni ya miaka ya karibuni, imesasishwa, na kasi ni jambo la maana kwako, endelea kusoma.

Hatua ya 1: Nakala rudufu, na picha ya lebo

Mbele ya safari hii diski itafutwa. Siyo huenda, itafutwa. Toa nakala ya kila kitu kwenye diski nyingine, fungua mafaili machache huko uhakikishe yanafunguka, ndipo uendelee.

Kisha, kabla hujaifunga SSD ndani ya laptopu au kuibandika kipoza joto juu yake, piga picha lebo yake kwa simu. Tafuta maandishi PSID yakifuatiwa na herufi na tarakimu 32. Mara nyingi kuna na msimbo wa QR pembeni. Hiyo ndiyo njia pekee ya kuifufua diski iliyojifunga na ambayo hakuna mwenye nenosiri lake. Vipoza joto vya M.2 hubandikwa kwa gundi juu ya lebo hiyo hiyo, na ukija kukibandua baadaye lebo nayo inachanika. Picha iwe kali kiasi cha kutofautisha sifuri na herufi O, moja na herufi I.

Hatua ya 2: Iulize diski yenyewe

Usiamini sanduku, wala Windows kwa sasa. Tengeneza flashi ya Linux yenye `sedutil`, iwashie mashine, na uandike:

`sedutil-cli --scan`

Kila diski itakuja na alama mbele yake. `2` ni Opal 2.0, ndiyo tunayoitaka. `1` ni Opal ya kwanza. `E` ni Enterprise, diski za seva. `No` ni hapana, lakini usiikubali `No` hiyo haraka.

Kwa diski za SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski; ya kisasa ni NVMe), kiini cha Linux kinazuia amri za usalama mpaka ukiruhusu. Andika `cat /sys/module/libata/parameters/allow_tpm`. Ukipata `0`, washa mashine upya, ongeza `libata.allow_tpm=1` kwenye mstari wa kuanzisha kiini, na urudie. Diski nyingi zimehukumiwa "hazina Opal" kwa sababu ya kigezo hicho kimoja. NVMe haihitaji kigezo hicho. Kwa hizo unaweza kuthibitisha kwa `nvme id-ctrl /dev/nvme0 -H | grep -i security` na kuona kama kutuma na kupokea amri za usalama kunakubaliwa.

Kama diski imo ndani ya kasha la USB, itoe. Chipu ya kati ya kasha, inayogeuza SATA au NVMe kuwa USB, mara nyingi haipitishi amri hizi. Ichomeke moja kwa moja kwenye mamabodi ndipo uihukumu.

Sasa uliza kwa undani: `sedutil-cli --query` ikifuatiwa na jina la diski. Kati ya mistari mingi itakayotoka, wa kuusoma ni huu:

`Locked = N, LockingEnabled = N, LockingSupported = Y, MBRDone = N, MBREnabled = N, MediaEncrypt = Y`

Usome hivi. `LockingSupported = Y`: diski ina uwezo wa kufunga. `MediaEncrypt = Y`: inasimba kila inachoandika. `LockingEnabled = N`: hakuna aliyeimiliki bado, ndivyo tunavyoitaka. Ukikuta `LockingEnabled = Y` kwenye diski unayodhani ni mpya, kuna mtu aliishika kabla yako, awe Windows ya zamani au ofisi iliyoiuza; ruka mpaka sehemu ya diski iliyofungwa. Ukikuta `MediaEncrypt = N`, hakuna cha kutatua, diski haisimbi.

Jibu hili halikuonyeshi IEEE 1667. Hiyo inaangaliwa kwa programu ya mtengenezaji ndani ya Windows. Samsung Magician ina sehemu ya Encrypted Drive yenye hali tatu: Disabled, Ready to Enable na Enabled. Diski nyingi za Samsung huja zikiwa Disabled, maana yake 1667 imezimwa mpaka uiamshe. MX500 yenyewe huja tayari.

Hatua ya 3: Njia kati ya diski na Windows

Diski ikiwa safi, panda juu kidogo. Kwa diski ya kuanzishia mfumo, Microsoft wanataka UEFI (BIOS ya kisasa) toleo la 2.3.1 au zaidi, yenye itifaki ya kupitisha amri za usalama za hifadhi. Huwezi kuiongezea BIOS isiyo nayo, ila kusasisha BIOS kumeokoa wengi. Wakati wa kusasisha, laptopu iwe na betri iliyojaa na imechomekwa pia. Ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, SSD inakuwa shida yako ndogo.

Ndani ya BIOS, zima kabisa CSM, ile hali ya kuiwasha mashine kwa mtindo wa BIOS ya zamani. Kutoipa kipaumbele hakutoshi. Kisha angalia hali ya kontrola ya mamabodi inayosimamia diski. Kama ipo kwenye RAID, Intel RST au VMD, iweke AHCI, au uzime VMD. Viendeshi vya RST vya kale havikupitisha eDrive kabisa, na hata vipya sioni sababu ya kuviweka katikati kwa mashine yenye diski moja. Kwa kawaida kugeuza RAID kuwa AHCI kunaifanya Windows iliyokuwepo ishindwe kuwaka. Kwa kuwa tunaifuta, hilo halitusumbui.

Na TPM, moduli ya usalama ya mashine inayotunza funguo, iwe imewashwa.

Hatua ya 4: Block SID, mgomo usioandikwa popote

Hapa ndipo watu hukwama na kukata tamaa, kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa na bado diski inakataa.

Opal ina mamlaka kuu inayoitwa SID. Diski mpya inamilikiwa kwa kutumia nenosiri la kiwandani ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma kutoka kwenye diski. Hii ina maana kwamba kirusi kikiingia kwenye mashine yako kinaweza kuimiliki diski kabla yako, kuweka nenosiri lake na kukudai pesa. Kuzuia hilo, BIOS nyingi za kisasa hutuma amri ya Block SID kila mashine inapowaka: kuanzia hapo mpaka umeme ukatwe, diski haimkubali yeyote anayekuja na nenosiri la SID, hata lililo sahihi. Kirusi kimezuiwa. Windows nayo imezuiwa.

Dalili zake: Magician inashindwa kukubadilishia hali kwenda Ready to Enable, au unaweka Windows upya kwa utaratibu wote na hali haifiki Enabled, au `sedutil` inarudisha `NOT_AUTHORIZED` kwenye diski ambayo haijawahi kumilikiwa.

Kwanza tafuta kwenye BIOS. Baadhi ya mamabodi zina ukurasa wa TCG Storage Security wenye chaguo la kuzima Block SID. Kama halipo, tumia ombi linalopitia TPM. Ndani ya Windows, fungua PowerShell kama msimamizi:

`$tpm = gwmi -n root\cimv2\security\microsofttpm win32_tpm`

`$tpm.SetPhysicalPresenceRequest(97)`

Kwenye Linux ni `echo 97 > /sys/class/tpm/tpm0/ppi/request`, ukiwa root. Namba 97 ni kuzima, 96 ni kuwasha. Washa mashine upya, na kabla ya mfumo kuanza utaona skrini inayouliza kama unakubali kuzima Block SID. Ibonyezee kitufe inachokitaja. Skrini hiyo huja mara moja na wakati mwingine hupita haraka, kwa hiyo kaa mbele ya mashine, usiende kuchukua chai.

Kwenye mashine nyingi ruhusa hiyo ni ya uwashaji mmoja tu. Ukiwasha upya mara ya pili, kizuizi kimerudi. Kwa hiyo upange: ukishaikubali, mashine iingie moja kwa moja kwenye kazi unayoifanya, iwe ni Magician au kisakinishi cha Windows kwenye flashi.

Hatua ya 5: Kufuta na kuweka Windows, kwa mpangilio

Kama diski ni ya data tu, siyo ya mfumo, kazi ni nyepesi. Hakikisha hali ni Ready to Enable (kwa Samsung), Block SID imezimwa, kisha ifute kwa `diskpart` na amri ya `clean`, uianzishe kama GPT (mpangilio wa kisasa wa vizigeu) ndani ya Windows, utengeneze kizigeu. Windows huimiliki diski wakati huo huo. Nenda hatua ya 6.

Kwa diski ya mfumo, mpangilio ni huu:

1. Diski ikiwa na Windows yoyote juu yake, au imechomekwa kama ya pili kwenye mashine nyingine, tumia Magician kuiweka Ready to Enable.

2. Ifute kwa Secure Erase ya flashi inayotengenezwa na Magician, au kwa chombo cha kufuta cha BIOS. Kwa SATA, ukiambiwa diski ipo `frozen`, iweke mashine usingizini kisha iamshe. Mara nyingi kizuizi huondoka. Kama mbinu hizo hazikubali, tumia PSID Revert iliyoelezwa chini, kisha uhakiki hali tena.

3. Zima Block SID, na mashine inapowaka iingie moja kwa moja kwenye flashi ya kisakinishi, kwa UEFI.

4. Kwenye orodha ya diski, iache kama nafasi tupu na ubonyeze kuendelea. Usitengeneze vizigeu kwa mkono kwa programu nyingine.

Kurudisha picha ya mfumo wa zamani, au kuhamisha Windows kwa programu ya kunakili diski, hakutafanya kazi. Windows inataka ikute diski ambayo haijaanzishwa, yenyewe ndiyo iimiliki. Kunakili kunaivuka hatua hiyo, na ndicho chanzo cha kushindwa ninachokishuku kwanza kila mtu anaponiambia "nimefanya yote."

Kwa Windows 11 kuna mtego mmoja zaidi. Tangu toleo la 24H2, usakinishaji mpya kwenye mashine nyingi hujiwashia usimbaji wa programu wenyewe mara unapoingia na akaunti ya Microsoft. Kwenye skrini ya kuchagua nchi, bonyeza Shift+F10 na uandike:

`reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\BitLocker /v PreventDeviceEncryption /t REG_DWORD /d 1`

Umeshachelewa? Izime kwa `manage-bde -off C:`, subiri imalize kufungua, ndipo uendelee. Huna haja ya kufuta tena.

Ukiingia Windows, fungua Magician. Ikisema Enabled, sehemu ngumu imekwisha. Ikibaki Ready to Enable, rudi kwenye Block SID na CSM, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 6: Iamuru BitLocker

Utahitaji Windows Pro, Enterprise au Education. Home haina usimamizi huu, acha kutafuta.

Fungua `gpedit.msc`, nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, BitLocker Drive Encryption, kisha Operating System Drives. Tafuta sera ya matumizi ya usimbaji wa diski na uiweke Enabled. Ukiiacha Not Configured, ni programu. Ndani ya sera hiyo kuna kisanduku kinachoruhusu kurudi kwenye programu pale diski inaposhindwa. Kiondolee alama. Afadhali upate kosa linalosomeka kuliko kudanganywa kwa alama ya kufuli. Kwa diski ya data, fanya vivyo hivyo chini ya Fixed Data Drives.

Kisha kwenye PowerShell:

`Enable-BitLocker -MountPoint "C:" -TpmProtector -HardwareEncryption`

`manage-bde -protectors -add C: -rp`

Ya pili inakupa ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48. Uchapishe au uuandike mahali pasipo kwenye mashine hiyo hiyo. Ukitumia dirisha la kawaida la BitLocker badala ya amri, alama nzuri ni kwamba halitakuuliza usimbe nafasi iliyotumika tu au diski nzima. Likikuuliza, simama, linakwenda kwenye programu.

Hatua ya 7: Thibitisha

Washa upya, andika `manage-bde -status C:`. Sasa mstari wa njia ya usimbaji unapaswa kusema Hardware Encryption, ukifuatiwa na namba ndefu. Namba hiyo ina maana: `1.3.111.2.1619.0.1.2` ni XTS-AES 256, `2.16.840.1.101.3.4.1.42` ni AES 256 ya CBC. Pia utakuwa umeona kwamba asilimia 100 ilifika papo hapo. Hakuna kilichosimbwa upya. Ufunguo wa data umefungiwa tu.

Mimi husisitiza na jaribio la pili. Zima mashine kabisa, iwashe kwa flashi ya Linux, na uulize tena kwa `--query`. Safari hii `LockingEnabled` na `Locked` zote ziwe `Y`, na ukijaribu kukisoma kizigeu cha Windows kwa `dd` upate kosa la kusoma, siyo data. Zima kabisa, nasema, kwa sababu diski hujifunga inapokosa umeme. Kuwasha upya kwa kawaida hakukati umeme wa diski, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen walishaonyesha 2012 kwamba diski iliyo wazi, ikiwa bado ina umeme, inaweza kuhamishiwa kebo ya data kwenye mashine nyingine na kusomwa. Laptopu inayolala ndani ya begi, kwa usingizi usioikatia diski umeme, iko katika hali inayofanana na hiyo. Ukisafiri nayo, izime.

Kwa watumiaji wa Linux

Hapa 1667 haina kazi, Opal peke yake inatosha. Njia ya zamani ni `sedutil` yenye picha ndogo ya kuomba nenosiri kabla mfumo haujaanza. Inafanya kazi, ila ina tabia mbili zinazochosha. Usingizi wa S3 huikatia diski umeme, nayo ikiamka imejifunga huku mfumo ukidhani iko wazi, na makosa ya kusoma yanamiminika. Pia `sedutil` huchanganya nenosiri lako kihesabu kabla ya kulipeleka kwenye diski, na matawi tofauti ya programu hiyo huchanganya kwa njia tofauti. Nenosiri uliloweka kwa tawi moja, tawi lingine litalikataa ingawa umeliandika sawasawa. Hifadhi flashi uliyotumia mwanzo. Na usijaribu mara nyingi mfululizo: ukipata `AUTHORITY_LOCKED_OUT`, diski imechoka kukusikiliza mpaka uikatie umeme na kuurudisha.

Njia ninayoipendekeza sasa ni `cryptsetup`, programu ya Linux ya kusimba diski, kuanzia toleo la 2.7, lililotoka 2024. Inakubali `luksFormat --hw-opal-only` kwa wanaotaka diski ifanye yote, na `--hw-opal` inayoweka tabaka mbili, la diski na la programu. Kwa asiyeamini programu dhibiti za watengenezaji, na baada ya 2018 simlaumu, hilo la pili linampa usingizi, japo faida ya kasi inapotea.

Diski iliyofungwa, hasa ya mtumba

Laptopu za ofisi zinazoingia kutoka Uingereza au Dubai, zile wauzaji wanazoziita "ex-UK," mara nyingine huja na SSD ambayo bado imefungwa na mwenyewe wa kwanza. Kisakinishi kinaiona diski, lakini `clean` inarudisha kosa la kuandika. Fundi atakwambia diski imekufa. Iulize kwanza kwa `--query`; ikisema `Locked = Y`, haijafa.

Kama ni Opal, PSID ya kwenye lebo itaifungua kwa kuifuta:

`sedutil-cli --yesIreallywanttoERASEALLmydatausingthePSID` ikifuatiwa na PSID, kisha jina la diski.

Jina la amri limewekwa refu makusudi. Ufunguo wa data unaharibiwa kwa sekunde chache, mpya unazaliwa, na data ya zamani hairudi kwa mtu yeyote. Kwa SATA kumbuka `libata.allow_tpm=1`. Kwa wasiotaka Linux, Magician na Crucial Storage Executive zina kitufe cha PSID Revert kwa diski zao. Ikikataa, mara nyingi ni herufi iliyosomwa vibaya. Ni njia hiyo hiyo ya kusafisha diski yako kabla ya kuiuza, na ni ya haraka kuliko kuandika sifuri diski nzima.

Kama kufuli ni la nenosiri la ATA na diski haina Opal, hakuna PSID ya kukuokoa. Hata nenosiri likijulikana, BIOS za laptopu za chapa tofauti hulichakata kila moja kwa njia yake, kwa hiyo huenda likakubaliwa tu kwenye laptopu ya aina ile ile lilipowekwa. Kwa anayenunua, dawa ni kabla ya kulipa: mwambie muuzaji aiwashe mashine kwa flashi yako, uandike `--query` mbele yake, na uangalie kama lebo ya diski haijakwaruzwa. Akikataa, bei ihesabiwe kana kwamba haina diski.